Baraza Nililoliziba kwa Vioo

Habari ya kifo chake ilinikuta nimekaa ndani ya vioo. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, kama zilivyo asubuhi nyingi za hapa Bugene, Karagwe, nami nilikuwa nimejinyoosha kitini na kikombe cha chai mkononi, nikijisifu kimoyomoyo kwamba wakati watu wanatetemeka huko nje, mimi ninalo joto langu. Jirani wa bondeni alisimama langoni akaita, "Wenyewe mpo?" Alikuwa ananitazama usoni kabisa, au ndivyo nilivyodhani. Nilipotoka akaniambia kwamba yule rafiki yangu mkulima wa kahawa, anayekaa juu kidogo ya barabara, hakuamka. "Si alikuwa anaumwa kifua tangu wakati wa kuchuma kahawa," akasema. "Hukujua?" Sikujua. Mtu niliyezoea kukaa naye kila siku ya gulio alikuwa ameumwa hadi akafa, na moshi wa jiko lake unaonekana kutoka uani kwangu.

Ninyi mnaofuata safu hii mnamfahamu bila kumfahamu. Ndiye yule "jirani yangu mmoja" ambaye nimekuwa nikimtia humu kila ninapoishiwa la kusema. Jirani yangu mmoja alisema hivi kuhusu bei ya kahawa, jirani yangu mmoja aliuliza vile kuhusu wagombea. Mengi ya maneno mliyoyapenda hapa yalikuwa yake, mimi kazi yangu ilikuwa kuyaosha tu. Naye alikuwa akijua. Gazeti likimfikia, mara nyingi likiwa limefungiwa sukari, alikuja nalo limekunjwa kwapani na kulitupa mezani. "Umenila tena," alikuwa akisema. "Na jina hunipi!" Nikamwahidi kwamba siku moja nitampa. Leo ningempa, lakini familia yake haijaniruhusu, na sina uso wa kwenda kuomba.

Nyumba yangu iko kando ya njia ya kwenda Kayanga, na ilipojengwa iliwekewa baraza refu upande wa mbele, lenye benchi la ukutani. Halikuwa baraza langu peke yangu. Aliyechoka alipumzika, aliyenyeshewa alijikinga, anayesubiri bodaboda aliweka mkungu wake wa ndizi pale na kuketi, na hakuna aliyebisha hodi, kwa sababu hodi hubishwa mlangoni na pale hapakuwa na mlango. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao hicho. Nakumbuka siku mvua ilipowabana hapo wazee wawili wa jirani waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mbuzi wa mmoja kula maharage ya mwenzake. Mmoja aliketi mwisho huu wa benchi, mwingine mwisho ule, wote wanatazama mvua kana kwamba hawajapata kuiona. Rafiki yangu akatoa mfukoni kahawa yake ya kutafuna, ile ya buni zilizochemshwa na kukaushwa, iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, akaimimina yote kiganjani mwa mmoja wao. "Mgawie na mwenzako," akasema, "mimi mikono yangu ina mbolea." Sasa, kwetu huku kahawa ukipewa mkononi huikatai, na ukipewa ya wawili huili peke yako. Mzee akahema, akanyoosha mkono. Mvua ilipokatika walikuwa wanamsema mbuzi, si wao kwa wao.

Baraza hilo ndilo nililoliziba. Wazo nililitoa Pwani, nilipokwenda Dar es Salaam kumsalimia shemeji yangu. Nyumba yake ilikuwa na kibaraza kilichofungwa kwa fremu za alumini, kinang'aa, kina viti laini na maua kwenye vyungu, nami nikakitamani mno. Shemeji alinieleza yaliyompata. Mwanzo alifunga vioo vitupu kuanzia chini hadi juu, na ilipofika saa nne asubuhi hapakukalika, mtu anatoka humo shati limeganda mgongoni. Mito ya viti ikaota ukungu, kuta zikanuka unyevu. Mwishowe akatoa vioo vya pande mbili na kuweka nyavu za mbu, upepo ukapita, na majirani wakaanza tena kumwita kutoka barabarani. Nilimsikiliza nikitikisa kichwa kwa adabu. Moyoni nilikuwa nasema, hayo ni matatizo ya watu wa joto. Sisi Karagwe tuna baridi, vioo vitatufaa.

Na kweli vilinifaa, hilo lazima niliseme. Fundi aliyetoka Bukoba alinishauri niweke vioo vya giza. "Wewe ukiwa ndani unamwona kila mtu, wa nje hakuoni," aliniambia, nami nikaona ni maendeleo makubwa. Akabandua benchi la ukutani, akaweka vigae vyeupe, akaning'inizia mlango wa kusukuma pembeni. Jua la asubuhi likipiga humo, unaweza kuandika safu nzima bila sweta.

Majirani walikuja kuona. Hapa kwetu mtu akijenga, unakwenda kumpongeza, na kumpongeza kwenyewe hakuna "lakini". Ukisema dirisha ni dogo, una wivu. Ukisema mlango umekaa vibaya, una kijicho. Mtu anaweza kujenga ukuta katikati ya njia yako nawe ukampa mkono. Rafiki yangu alikuja wa mwisho, akitoka shambani. Aliigusa fremu kwa nyuma ya vidole, kisha akapafuta alipogusa kwa mkono wa shati lake. "Wakola," akasema kwa Kinyambo, umefanya kazi. "Hii sasa ni nyumba." Nikamkaribisha ndani. Akatazama magumbuti yake, yaliyojaa udongo mwekundu hadi vifundoni. "Mimi na haya tutakuchafulia vigae. Acha nisimame hapa hapa." Nikamwambia, "Aa, ingia tu bwana!" Nilimwambia huku nami nayatazama hayo magumbuti. Aliniona nikiyatazama. Tukaongea kidogo, yeye nje na mimi ndani, mlango ukiwa wazi kati yetu, halafu akasema ana haraka. Nikarudi kitini nimefurahi kwamba amelipenda baraza langu.

Baada ya hapo alipita tu. Siku za gulio nilimwona akishuka na kikapu, akifika langoni anapunguza mwendo na kutazama nyumba. Nilikuwa nampungia mkono. Nilimpungia hivi, kwa nguvu, na mara nyingine nilimwita kabisa bila kuinuka kitini, "Karibu, mzee!" Alisimama, akatazama kidogo, akaendelea zake. Mwanzo nilidhani ana shughuli. Baadaye nikaanza kukasirika. Nikajiambia, huyu naye, kumbe ni wale wasiopenda kuona mwenzao amepiga hatua. Nilifikia hata kumwandika humu, bila jina kama kawaida, katika ile makala ya watu wanaonunia maendeleo ya wengine. Mliicheka sana, wengine mkaniandikia kunipongeza. Sijui kama ilimfikia. Huenda sukari yake ilifungiwa humo.

Msibani kulinyesha. Turubai walilofunga halikutosha, watu wakabanana chini ya migomba, akina mama wakikinga sufuria za ndizi kwa vifuniko. Zamani waombolezaji wa kitongoji hiki wangejaa barazani kwangu, maana ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na misiba mingi ilishapitia pale. Niliwaambia vijana waje, nyumba iko wazi. Wakasema, "Asante, baba, tumelowa tope, tutavumilia." Hakuna aliyekuja. Mjane wake nilimkuta amekaa mkekani. Nilipomshika mkono alinitazama kwa mshangao, akasema, "Shemeji, kumbe mmerudi?"

Nikamuuliza, tumerudi kutoka wapi?

"Si mlikuwa mmehama? Mwenzako kila akitoka gulioni alikuwa ananiambia, nimepita pale kwa mwandishi, hakuna mtu, kumefungwa. Nikamwambia, si ubishe hodi? Akasema, nikabishe hodi pale, nimekuwa mgeni?" Alijipangusa macho kwa ncha ya khanga. "Hata alipozidiwa nilitaka kukutumia mtu. Akasema, wa nini, hawapo. Kahawa yako ipo ndani, alikuwa anakutunzia."

Ningemwambiaje kwamba tulikuwepo? Kwamba nilikuwa nimekaa, miguu juu ya kiti, nampungia mkono mume wake aliyekuwa anaumwa, halafu namnunia kwa kutonijibu? Nilikubali kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa safarini. Mpaka leo mama yule anaamini tulihama. Nilipotoka pale nilisimama langoni kwangu, mahali pale pale alipozoea kusimama, nikatazama. Niliona migomba ya ng'ambo ya barabara, mawingu, na mtu mmoja aliyesimama njiani akiwa amelowa. Mtu huyo alikuwa mimi. Ndani hapakuonekana kitu.

Nimewaza sana juu ya shemeji yangu wa Pwani. Yeye naye alijifungia, lakini joto la kule halikumwacha: lilimtoa jasho mpaka akafungua. Sisi wa huku juu hatuna wa kututoa jasho. Mtu akijifungia Karagwe anastarehe, na starehe haimwambii kwamba amekosea. Sisemi turudi kwenye misonge ya nyasi. Jengeni, wekeni alumini, pandisheni kuta, wezi wapo na baridi ipo. Nasema tu kwamba anayejenga hapa kwetu hataambiwa na mtu alichokiharibu. Tutamsifu wote, tutamwambia wakola, halafu tutapita zetu. Kwa hiyo itabidi atoke mwenyewe asimame njiani, aitazame nyumba yake kwa macho ya mtu mwenye matope miguuni. Mimi nilitoka nimechelewa.

Vioo vya mbele nimeviondoa. Fundi alinishangaa, akasema nimeharibu kazi nzuri, na kwa mara ya kwanza mtu amenikosoa ujenzi, nikamshukuru. Benchi nimelirudisha. Asubuhi nakaa pale nimejifunga blanketi, ukungu unaingia hadi mezani, na mbele yangu iko ile kahawa ya kutafuna, ambayo mjane aliniletea ikiwa bado kwenye jani lake. Watu wanapita kwenda Kayanga. Wananiona sasa, wananisalimia vizuri sana, wananisifu kwa baraza jipya. Kisha wanaendelea na safari. Wameshazoea kupita.

Sijaitafuna ile kahawa. Ni ya watu wawili.