Mama Zuhura Anadai Hajambo

Usiku ule nililala mapema, nikijisifu. Habari ya soko ilikuwa tayari, na mimi ndiye ningeisoma redioni saa moja asubuhi. Wauza nyanya walikuwa wameondolewa kwenye meza zao, na kesho yake halmashauri ingeamua kama warudishwe. Niliandika kuwa Mama Zuhura, msemaji wao, alidai hawakupewa taarifa. Afisa wa soko alibainisha kuwa tangazo la kuwaondoa lilibandikwa. Kila upande sentensi moja. Nikaona nimetenda haki.

Usingizini namwona Bi Rehema, mhariri aliyenifundisha kazi, marehemu sasa mwaka wa pili. Amekaa studio, miwani puani, anacheka peke yake. Nilifurahi kumwona hadi nikasahau kuwa tulimzika.

"Shikamoo, Bi Rehema."

"Marahaba. Twende sokoni."

Mlango wa studio unafunguka na tumeshafika, tumezungukwa na nyanya na vitunguu. Afisa anapita, tumbo mbele. Bi Rehema anamjulia hali, kisha ananigeukia na kutamka kwa sauti ya taarifa ya habari: "Afisa amebainisha kuwa hajambo."

Halafu anamsalimu Mama Zuhura. "Hujambo, mama?"

"Sijambo, dada, nashukuru."

"Mama Zuhura anadai hajambo."

Soko zima likaangua kicheko. Mama Zuhura akashika kiuno. "Nadai? Kwani umenikuta nimelazwa?" Nami nacheka, huku aibu imenipanda hadi masikioni.

Nikajitetea kwamba ni neno tu. Bi Rehema akavua miwani.

"Nilipokufa ulisoma tanzia yangu. Mbona hukusema familia inadai nimefariki?"

"Niliwaamini."

"Na msikilizaji anasikia unamwamini nani. Wote wawili walisema, mwanangu. Mengine nenda kaangalie mwenyewe."

Niliamka ninacheka, mke wangu akaniuliza kama nina homa. Nikafuta "alidai" na "alibainisha", nikaandika "alisema" mara mbili. Kabla ya kwenda studio nikapitia sokoni. Ofisi ya afisa ilikuwa wazi, mfagizi anapiga deki, akaniruhusu nichungulie.

Saa moja kamili nikasoma: afisa alisema tangazo lilibandikwa, Mama Zuhura alisema hawakuliona, na mwandishi wetu amelikuta asubuhi hii limebandikwa ndani ya ofisi ya afisa, nyuma ya mlango.