Seli za Ubaoni

Kwa miaka tisa Mwalimu Theodosia Niyonkuru alifundisha habari za seli bila kuwahi kuiona hata moja. Alizaliwa Kibondo, kwa wazazi waliokimbia Burundi na baadaye wakapewa uraia. Alisoma kwa kunakili michoro ya wenzake, hadi akawa mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya kata nje kidogo ya mji. Kila mwaka aliwachorea kidato cha kwanza mstatili wa chaki nyeupe: ukuta nje, utando ndani yake, na kiini chekundu katikati. Mchoro wake ulipendeza kuliko wa kitabuni.

Hadubini ilikuwepo. Ililetwa alipokuwa na mwaka mmoja kazini, ikafungiwa kabatini ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Badru. Theodosia aliiomba mara tatu.

"Kifaa cha serikali hicho," Badru alimjibu mara ya mwisho. "Wageni wakija wakikute kizima. Kikivunjika utajieleza wewe?"

Hakuomba tena.

Mwaka jana, siku ya gulio, alimkuta Jeanne Ntirampeba akiuza maharage. Jeanne alikuwa mwanafunzi wake hodari, aliyepata nafasi katika chuo kimoja Kasulu kusomea kazi ya maabara. Theodosia alidhani yuko likizo.

"Nimeacha, mwalimu."

"Umeacha? Kisa?"

Wiki ya kwanza, Jeanne alisimulia, walipewa ngozi ya kitunguu chini ya hadubini, wakaambiwa wachore wanachokiona. Yeye aliona duara lenye ukingo mweusi. Akalichora vizuri, akaandika majina yote: ukuta, utando, kiini. Mkufunzi akainua karatasi yake mbele ya darasa zima. Lile duara lilikuwa kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya kioo.

"Akaniuliza, kiini umekiona wapi? Sikukiona, mwalimu. Nilikiweka kwa sababu ulisema kipo."

Wenzake wakambatiza jina la Kiputo. Alifeli mtihani wa vitendo, akafeli na marudio, akarudi nyumbani.

"Wewe uliwahi kuiona seli?" Jeanne aliuliza, wala hakuwa na hasira.

 Theodosia aliondoka bila kununua chochote.

Jumatatu aliingia ofisini bila kubisha hodi. "Mkuu, naomba ufungue kabati."

"Mwalimu, tulishazungumza..."

"Fungua, au leo hii naandika barua wilayani."

Badru alifungua polepole. Katika miaka yote ile hakuna mgeni aliyewahi kuja kuiangalia. Kuvu ilikuwa imetambaa ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na ile lenzi ya kukuza zaidi haikuonyesha kitu kabisa. Theodosia aliibeba hadi barazani, akaelekeza kioo chake mwangani, akatandaza ngozi ya kitunguu juu ya kipande cha kioo na kuidondoshea ayodini ya kuitia rangi. Cha kwanza kukiona kilikuwa duara lenye ukingo mweusi. Naye angelichora, kama Jeanne.

Alikisogeza kidogo kile kipande cha kioo. Hapo ndipo zilipojitokeza seli, nyuma ya madoa ya kuvu: vyumba virefu vilivyobanana ukuta kwa ukuta, na ndani ya kila kimoja tone la kahawia, ndicho kiini. Aliangalia kimoja, kingine, cha tatu. Tone lilikuwa limesukumwa ukutani. Katika vyumba vingi halikukaa katikati. Miaka tisa alikuwa amelichora katikati.

Jioni ile alikwenda kwa akina Jeanne. "Njoo shuleni kesho uone. Nimeipata hadubini."

"Ego, ndiyo, mwalimu, nimesikia," Jeanne alisema, akiendelea kupepeta maharage. "Waonyeshe hao ulio nao."

Kesho yake Theodosia aliwapanga mstari wanafunzi hamsini na watatu. Kila mmoja aliinama, akafumba jicho, akahangaika. Wengine waliona kope zao tu, na ilibidi awashike kichwa awaelekeze. Katikati ya mstari wingu likafunika jua, wote wakasubiri. Kengele ilipolia, kumi na tisa walikuwa hawajaangalia.

"Kesho, mwalimu?" mmoja wao aliuliza.

"Kesho," alisema.

Alfajiri ya siku hiyo ya pili Badru aliondoka kwenda kikaoni Kakonko kwa siku nne. Kabati lilikuwa limefungwa, hadubini ikiwa ndani, na ufunguo alikuwa nao yeye. Theodosia aliingia darasani akachukua chaki.