Siku Alama ya Njugu Ilipopotea

Nakumbuka Jumatatu moja asubuhi, mwanangu, kompyuta ya kiwandani ilipofunguka ikiwa na sura nisiyoijua. Nakusimulia kwa sababu nasikia unataka fundi aigeuze programu ya duka lako pale Juja ifuate kila unachopenda. Kaa kwanza. Chai ipo.

Wakati huo mvi hizi zilikuwa bado hazijanivamia. Nilikuwa karani wa oda katika kiwanda kidogo cha unga wa uji, Eneo la Viwanda Thika. Mwenye kiwanda tulimwita Madam, mama aliyesoma na asiyependa maneno mengi. Programu ya oda tuliikodi mtandaoni, na wenyewe huko waliko waliibadilisha kila walipojisikia. Sisi nasi hatukutosheka. Mtu wa mauzo alitaka risiti ifanane na ya zamani, mtu wa stoo akataka majina aliyoyazoea, mimi nikataka vitufe vyangu. Fundi wetu wa kompyuta alikuwa mpole kupita kiasi. Kila ombi alijibu, "Hiyo ni kitu kidogo," kisha akaingia ndani ya programu na kuichokonoa.

Katika rundo hilo lilikuwemo jambo moja la maana. Mama Wambui wa Kiuu, kule Ruiru, alikuwa na binti ambaye njugu karanga ikimgusa tu ulimi, koo lilifura na pumzi ikakosa njia. Sisi tulisaga unga wenye njugu na usio na njugu. Zamani akina mama wa kufunga walishona magunia ya njugu kwa uzi mwekundu. Fundi alipoweka alama ya kuzuia njugu kwenye jina la mteja, tukauona ule uzi ni ushamba, tukauacha.

Jumatatu hiyo alama haikuwepo. Toleo jipya lilikuwa limeingia wikendi na kuvuruga viraka vyetu vyote, yaani yote fundi aliyoyachokonoa. Waliofunga unga alfajiri walifuata walichokiona kwenye kompyuta, na gunia la Kiuu likajazwa unga wa njugu. Nikampigia dereva.

"Ya Kiuu? Hiyo nishadrop kitambo," akasema. Gunia lilikuwa limeshafika.

Nikampigia Mama Wambui. Simu ilikuwa imezimwa. Niliogopa, mwanangu, nikakimbilia ofisini kwa Madam. Alichukua funguo za gari, nami nikamfuata.

Njiani niliomba kwa sauti kama mtu aliye kanisani. Tulipopita Juja ndipo akauliza, "Nani alikuwa anaangalia hiyo alama kila update ikiingia?"

"Nilidhani ni fundi, Madam."

"Na fundi?"

"Labda alidhani ni sisi."

Akakanyaga mafuta.

Tulipofika Kiuu tukasikia mtoto akilia ndani. "Ngai, Mungu wangu!" nikasema. Mlango ulikuwa wazi. Madam akatangulia. Wambui alikuwa ameketi kwenye stuli, mbele yake kikombe cha uji kimejaa, mvuke unapanda.

"Analia kwa sababu nimemwambia angoje, uji ni moto," mama yake akasema. "Kwani kuna nini? Mbona mmekuja mbio hivyo?"

Madam aliondoa kikombe kwanza, ndipo akamjibu. Mama Wambui akamvuta mtoto mapajani na kumkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Baadaye akatuambia, "Mimi nilikuwa nanusa kila unga kabla ya kupika. Wenu niliacha kunusa, kwa vile niliwaamini." Maneno hayo bado ninayo.

Tukirudi, Madam alinipa karipio langu. "Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisi yetu ni ya kukodi, na bado tumeibandika viraka kila mahali. Hiyo risiti ya sura ya zamani imetusaidia na nini?"

Wiki hiyo viraka viling'olewa vyote. Risiti tukaizoea, majina tukayazoea, hata mimi na vitufe vyangu nikanyamaza. Ilibaki alama ya njugu peke yake, nayo ikawekwa pale wenye programu walipoacha nafasi ya mtumiaji kuongeza lake bila kuchokonoa ndani. Kila toleo jipya lilijaribiwa kwanza kwa oda ya uongo, na mwenye kazi hiyo alijulikana kwa jina. Uzi mwekundu ukarudi.

Basi, mwanangu, kabla hujamwita fundi, jiulize kama si wewe unayeweza kubadilika. Ukiweza kuzoea, zoea. Programu hiyo itageuka kesho na keshokutwa, na kila kiraka utakachokitia utakilea mpaka uchoke. Badilisha pale tu ambapo kuacha kutamuumiza mtu, au kutaua kile hasa wateja wanachokifuata kwako. Hata hapo usichokonoe ndani. Na jambo la uhai lisikae ndani ya kompyuta pekee, liwe na uzi wake mwekundu unaoonekana kwa macho. Kinga ni bora kuliko tiba, na kuna mambo ambayo tiba yake haipo.

Nenda, Mungu aibariki kazi ya mikono yako. Akupe mtu wa kukuuliza swali la Madam mapema. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akukutanishe na uji ambao bado ni moto.