Zamani Mama Yangu Alikuwa Akiuza Maandazi

Nafundisha Kiingereza kidato cha pili katika shule moja ya Handeni, na nimepanga chumba mtaa wa Chanika, hapohapo Handeni. Mwaka jana tulifika kwenye somo la mambo yaliyokuwapo zamani na sasa hayapo. Kiingereza kina maneno yake kwa hilo: "used to" kwa desturi iliyokwisha, "no longer" kwa jambo lisilofanyika tena. Wanafunzi walikuwa wanasinzia. Nikaona niwape mfano wa nyumbani, nikaandika ubaoni: "My mother used to sell maandazi. She no longer sells them." Yaani zamani mama yangu alikuwa akiuza maandazi, siku hizi hauzi tena.

Sarufi ilikuwa safi. Ila asubuhi hiyohiyo mama alikuwa Mkumbara, kando ya barabara ya Tanga kwenda Moshi, beseni la maandazi kichwani. Ada yangu yote ilitoka kwenye beseni lile.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Sasa anafanya nini, mwalimu?"

"Anapumzika. Mimi ndiye ninayemtunza."

Darasa likapiga makofi, nami nikayapokea.

Wiki chache baadaye tuliwapeleka wasichana kucheza netiboli na shule iliyo mbele ya Mkumbara. Njia nzima niliomba kimoyomoyo tupite bila kusimama. Tulipofika pale, dereva akasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Wachuuzi wakalizunguka basi, na mama akaja moja kwa moja dirishani kwangu, uso umemchanua.

"Mwanangu!"

Hakuna aliyeshtuka. Kila mama mtu mzima huwaita vijana hivyo.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa sauti ninayomwamkia nayo mtu nisiyemjua.

Akanitazama. Kabla hajaitikia, yule msichana wa dawati la mbele, aliyekaa nyuma yangu, akachungulia juu ya bega langu, akasema kwa furaha, "Mwalimu, anauza maandazi kama mama yako zamani!"

Tabasamu la mama lilipungua kidogo kidogo. Akashusha beseni, akafunga maandazi kwenye gazeti, akanipa.

"Marahaba, mwalimu," akasema. "Wagawie watoto. Safari njema."

Akahamia dirisha la nyuma. Niliyagawa yote. Mimi sikuweza kula hata moja.

Jumamosi nilikwenda nyumbani, nikamkuta anachekecha unga uani. Nikakaa kwenye kigoda karibu naye.

"Mama, nilikukana."

"Nilikusikia." Aliendelea kuchekecha. "Nilivyokuona umekakamaa, nikadhani umewaambia nimekufa. Kumbe ni biashara tu umeizika. Nikasema, afadhali."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe tangu siku ile. Ila kesho nauza, na keshokutwa nauza. Wewe ndiye utakayechoka kunificha."

Alinipikia chai, akaniuliza habari za homa iliyonisumbua mwezi uliopita, na hilo ndilo lililonichoma kuliko kama angenigombeza.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikawaambia: yule mama wa Mkumbara ndiye mama yangu, na hajapumzika hata siku moja. Nilitegemea wacheke, maana kicheko ningekistahimili. Hawakucheka. Yule msichana aliinamisha kichwa na kuanza kupekua daftari lisilo na la kupekuliwa, nikajua ananionea aibu.