Simu Iliyokufa Madhabahuni

Bwana yangu alikuwa anaangalia picha za uchi kwenye simu. Nasema wazi, maana kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, watu walilizungukazunguka jambo hili mpaka ndoa yangu ikaharibika. Wenye makosa nawajua. Yuko mwenye kibanda cha kuchaji simu, aliyemjazia video kwenye memori kadi pamoja na nyimbo za kwaya. Yuko pasta wetu. Na yuko bwana yangu mwenyewe, ambaye ningepaswa kuanza naye.

Alikuwa anaangalia huku cherehani imesimama. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Mimi alinipita ndani ya nyumba kama anavyopita kiti.

"Papa wa batoto, acha hii kitu."

"Siwezi. Imeshanishika."

Nikaenda kwa pasta. Akasema, "Mama, usimkasirikie. Si yeye, ni pepo." Bwana yangu alilipenda neno hilo sana. Toka hapo, nikimkuta na simu, alisema, "Njo hivi, ndivyo ilivyo, pepo imenikamata," halafu anaendelea.

Siku ya maombi ya kufunguliwa, watu waliambiwa walete madhabahuni kitu kinachowafunga. Mmoja alileta chupa ya pombe, mwingine sigara. Bwana yangu akaweka simu kwenye kikapu, kanisa likapiga makofi. Mimi niliitazama ile simu. Ilikuwa ile ya zamani, yenye betri niliyoifunga kwa uzi wa cherehani, iliyokufa tukiwa bado tunakaa Chilinde, mjini Lilongwe, kabla ya kurudishwa kambini. Ile nzima ilikuwa mfukoni mwake.

Nyumbani nikamuuliza, "Pepo yako njo ilichagua simu yenye kufa?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Halafu mama mkwe akaja toka Bukavu. Tukamtandikia nyuma ya pazia, chumba kile kile. Msimu wote wa mvua bwana yangu hakuangalia. Alikuwa mkali, usingizi ulimpaa, anatoka kutembea kwenye matope bila sababu. Aliteseka kweli, siwezi kudanganya. Mwenye kibanda aliniuliza, "Mama, mzee anaumwa? Simwoni." Lakini mama mkwe alipohamia kwa mtoto wake mwingine, juma halikuisha, simu ikarudi mkononi.

Njo pale nikaondoka. Kama aliweza kumwogopa mama yake, basi kuacha aliweza. Mimi tu sikutosha kuogopwa.

Sasa nashona Old Town, Lilongwe, kwenye baraza la duka la vitambaa. Juzi bwana yangu akaja, akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Pasta amesema pepo imetoka. Turudi nyumbani."

"Ikitoka yenyewe, itarudi yenyewe. We ulifanya nini?"

Akaangalia mguu wangu kwenye pedali. Akasema, "Mi njo nilikuwa naangalia, si pepo. Memori kadi nimevunja. Lakini tamaa ingali iko. Hata leo, kwenye minibasi, imenishika."

Hayo niliyaamini kuliko makofi ya kanisa zima. Nikamsogezea kigoda, nikampa suruali ya mteja akunje pindo. Alishona vizuri, mkono wake haukusahau kazi. Jioni alitaka tuondoke pamoja. Nikakataa. Nikamwambia arudi Jumamosi kushona, na habari za pasta na pepo aziache kambini.