Kidole Gumba cha Muuza Jibini

Muuza jibini wa soko la Alhamisi, chini ya lile paa la mbao lililolizidi kanisa kwa umri, hakuulizi unataka ngapi. Anakuuliza utakula lini. Ukishamjibu anafumba macho, anabonyeza jibini moja baada ya nyingine kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayechagua parachichi, mpaka aipate itakayokuwa imeiva saa hiyo ya mlo wako. Mikono yake inanuka maziwa hata akinawa, na sauti yake inafika mpaka kwa wauza samaki: "Hiyo ni ya leo jioni! Ukiilaza mpaka kesho, usije kunililia!"

Bi Solange hakuwa amekanyaga sokoni tangu amzike mumewe. Alhamisi hiyo alisimama mbele ya meza, akanyooshea kidole jibini iliyokuwa karibu.

"Utakula lini, mama?"

"Nipe yoyote tu. Kwangu siku zote ni zilezile."

Kidole gumba kikabaki hewani. Foleni ikaanza kunung'unika. "Mpe mama wa watu aende zake!" mtu akafoka.

"Nimpe ipi? Hajanitajia siku!" Kisha muuzaji akamgeukia Bi Solange, sauti imeshuka. "Fikiri, mama. Nakungoja."

Akangoja kweli, bila kugusa kitu.

"Jumapili," Bi Solange akasema mwishowe. "Mchana."

Muuzaji akafumba macho, akabonyeza. "Mtakuwa wangapi?"

"Wawili," akajibu, na hapo hapo akaanza kufikiri amwalike nani.