Misi Kwenye Foleni

Juzi nilikuwa kwenye foleni ofisi ya wilaya, Kilosa, alipoingia bibi mmoja kutoka Vidunda.

"Mimi ni Misi wa shule ya misheni. Nimefuata chaki."

Karani hakuinua kichwa. "Siku hizi sote ni Ndugu. Panga foleni."

Akapanga, bila kununa. Lakini ofisa mkubwa alikwisha kuisikia sauti ile, akatoka mbio akifunga vifungo vya shati.

"Shikamoo, Misi."

"Marahaba. Kucha?"

Akanyoosha mikono yote miwili, kama tulivyokaguliwa kila asubuhi darasani. Alifaulu.

Undugu naushukuru, umetuondolea mabwana wengi. Ila Misi ninaye mmoja, aliyenifundisha kuandika. Nikanyoosha na yangu. Vidole vimejaa wino.

"Huo si uchafu," akasema.